Shavu la Kushikia Simu
Mpishi aliyetoka Jeddah hakujua kukaa na mikono mitupu. Kila alipoingia chumbani kwa Protus, fundi wa kuchora mifupa ya uso katika hospitali moja ya Riyadh, alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa na kupanga kalamu kwa urefu. Aliongea kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea jikoni mwa wenyewe. Ajali ya gari ilimvunja mfupa wa shavu, na Protus alikuwa amemchorea mwingine kwenye kompyuta, mnono kidogo, ili apendeze.

Siku ya kuukubali au kuukataa, alimwekea mezani fuvu la plastiki lenye mfupa huo. Mpishi hakuomba kioo. Alitoa mtandio mkobani, akalifunga fuvu kama anavyojifunga mwenyewe, akachomeka simu kati ya kitambaa na shavu, kisha akaliinamisha kama mtu anayekata vitunguu. Simu ikadondoka.

"Fundi, umenipa shavu la bibi harusi," alisema akicheka. "Mimi nataka la kazi. Binti yangu nimemlea kwa simu miaka sita, mikono ikiwa kwenye sinki."

"Lakini mama, utaonekana bapa."

"Nitaonekana na nani? Punguza, halas, basi yaishe."

Wiki iliyofuata Protus alileta jingine, limepungua milimita mbili. Mpishi akafunga, akachomeka, akatikisa. Simu ikatulia. Akaiacha humo humo, akampigia binti yake, akaliinamia fuvu na kumuuliza kama amekula.