Posa ya Kabasa, Wiki ya Uchaguzi

Baba mdogo Magesa alinijibu maneno mawili tu: "Sawa, msomi." Sikulala. Ile nukta mwishoni aliiweka kwa makusudi? Nilikuwa nimemwandikia kwenye kundi la ukoo, aya kumi na moja, kwa nini mgombea wake wa udiwani hafai. Na Jumamosi yeye ndiye alitakiwa kwenda Kabasa, kule Bunda, kuniposea Veronika. Baba yangu alishafariki. Baba mdogo asiposimama, upande wetu hauna msemaji. Basi Ijumaa nikaondoka Musoma kwenda Butiama kumwomba radhi ana kwa ana.

Kutoka stendi nilikusudia kufanya mazoezi ya kuomba msamaha. Nikafungua simu niangalie kampeni kidogo tu. Tunafika Makutano, nimeshabishana na watu watatu nisiowajua. Bodaboda iliyonichukua pale ilikuwa na bendera za wagombea watatu.

"Wewe uko wapi sasa?" nikamuuliza dereva.

"Niko barabarani, kaka. Zote zinapepeaga vizuri."

Butiama nilimkuta Baba mdogo na mkewe shambani. Mama mdogo alivaa khanga ya chama kimoja na fulana ya kingine, zote za bure.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, msomi. Umeleta sehemu ya pili?"

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaanza: "Kwanza kabisa, baba..." Akanipa jembe.

"Malizia tuta hilo kwanza."

Nikalima kidogo, nikashindwa kuvumilia. "Baba, ulikasirika?"

"Sana! Nikaja hapa nikalima. Kufika pale kwenye jiwe, nikajikuta nawaza mvua."

"Na kura?"

"Kura yangu iko palepale. Na Jumamosi iko palepale. Unadhani kichwa changu kina chumba kimoja?"

Tuta lililobaki nililimaliza nikiimba.

Jumamosi tulipitia Kiabakari, tukafika Kabasa jua limepanda. Kwa desturi ya nyumba ile, kijana anayeposa hukaa nyuma na hafungui mdomo mpaka aitwe. Mtu wa wasiwasi, kunyamaza! Baba yake Veronika alikuwa mpiga kampeni wa upande mwingine kabisa na ule wa Baba mdogo, nami nilisubiri tu wataumana saa ngapi. Wakazungumzia ng'ombe. Wakazungumzia mihogo. Nikachungulia simu mapajani.

Ikalipuka kwa wimbo wa kampeni, sauti ya mwisho. Wimbo wa wapinzani wa mzee mwenye nyumba!

Nilijua nimekwisha. Nilibonyeza kila kitu, wimbo ukazidi. Ndipo shangazi yake Veronika, mama mnene wa kilemba, akaanza kutikisa mabega.

"Chama kibaya, ngoma nzuri!" akapaza sauti. Wanawake wakainuka, vigelegele, mzee mwenyewe akapiga meza kwa viganja. Baba mdogo naye akasimama kucheza wimbo wa chama ambacho hata yeye hakipigii kura.

Ulipoisha, shangazi akaja na kiganja wazi. "Lete. Faini. Inakaa kwangu mpaka mwondoke."

"Simu yenyewe, shangazi?"

"Ameongea! Faini ya pili: atakula sahani mbili."

Veronika akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa.

"Nawafahamu. Yule wa makelele ndiye wangu."

Posa ikapokelewa. Nikala sato na ugali, sahani mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikujua nani anaongoza wapi. Wazee wale wawili walibishana kweli, kwa sauti, huku mmoja akimnawisha mwenzake. Hapo ndipo nilipojifunza kilichonishinda chuoni: mtu anaweza kushikilia upande wake bila kuuachia mkono wa mwenzake.

Kurudi Musoma, simu ilitetemeka njia nzima kama kuku anayetaka kutaga. Kabla hatujafika stendi ya Bweri nilikuwa nimetoka kwenye makundi yote ya siasa. La ukoo nikaliacha, humo niliandika mstari mmoja tu: "Asante, baba."

Siku ya kura nilipanga foleni mapema, nikapiga yangu, kisha nikaenda kupaka rangi chumba tutakachoanzia maisha na Veronika. Matokeo niliyasikia kwenye redio ya jirani, nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Sikushuka.