Fidia ya Mguu

Mtu aliyembeba mtoto wa marehemu mdogo wangu siku ya ajali ndiye huyohuyo aliyekuja kunishtaki mahakamani. Hilo ndilo lililonitesa. Angekuwa tapeli tu, ningelala usingizi wangu.

Mdogo wangu alikuwa akiuza mananasi kando ya barabara kule Kiwangwa. Lori likaacha njia, likaparamia meza za wauzaji. Yeye alifia palepale. Binti yake, aliyekuwa na miaka sita, alipondeka mguu wa kushoto. Baba wa mtoto alishatangulia mbele ya haki siku nyingi, na kaka wa huyo baba, shemeji yangu, ndiye aliyemtoa mtoto chini ya mbao, akampakata kwenye bodaboda mpaka hospitali, shati lake limelowa damu. Mguu haukuokolewa. Ulikatwa chini ya goti.

Nilimchukua mtoto nikakaa naye Bagamoyo, nyumbani kwangu ninakoshonea nguo. Kesi ilikwenda, ikarudi, ikaahirishwa, hata ilipokwisha mahakama ikaamuru fidia ilipwe, nami nikawekwa kuwa mlezi wa fedha hizo. Hakimu alinieleza masharti polepole, kama anayejua yatakayonikuta. Fedha zikae benki kwa jina la mtoto mpaka atimize miaka kumi na minane. Kabla ya hapo, nikitaka kutoa chochote, niombe ruhusa mahakamani na nieleze ni cha nini.

Watu masharti hawakuyasikia. Walilosikia ni fedha. Nikinunua nyama, jirani anakohoa. Mteja niliyemshonea gauni ananiambia, "Na wewe sasa una haraka gani ya kulipwa?" Kibarua cha mume wangu kiliposimama, tukawa tunakula muhogo mchana na usiku, naye akaniuliza mara moja tu, macho yakiwa kwenye sahani, "Hivi hata kukopa humo hawaruhusu?" Nikamwambia hawaruhusu. Hakurudia kuuliza.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu shemeji yangu alipokuja na wazee wawili wa ukoo wao, Ijumaa, baada ya sala. Walikunywa chai, wakauliza hali za wote. Kisha akasema:

"Shemeji, fedha ile imelala tu. Kila mwaka thamani inapungua. Kuna shamba linauzwa jirani na langu. Tulinunue kwa jina la mtoto, mananasi yamsomeshe."

"Shemeji, mimi sina amri na fedha zile."

"Si una saini?"

"Saini ya kuombea. Ya kutolea sina."

Akaweka kikombe chini. "Yule ni damu yetu. Siku ile nilimbeba mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

Nyuma ya pazia nikausikia mguu wa bandia ukigonga sakafu. Mtoto alikuwa pale muda wote.

Haukupita muda nikaletewa wito. Shemeji aliomba niondolewe ulezi, akidai ninakula mali ya yatima. Kwetu pwani sijui tusi linalozidi hilo. Nilikaa na ile karatasi mapajani, cherehani mbele yangu, nikashindwa hata kutunga uzi.

Lililonitia hofu zaidi si aibu. Mtoto alikuwa amerefuka, mguu wa bandia ukawa mfupi, na nyonga ilikuwa ikimuuma mpaka analia akirudi shule. Nilishaomba fedha za mguu mpya. Nikaambiwa maombi yangu yatasubiri mpaka ijulikane mlezi ni nani.

Siku ya shauri tulikaa benchi moja nje ya chumba cha hakimu, shemeji upande ule, mimi upande huu, mtoto katikati. Jasho lilinitoka mpaka mtandio ukaloa. Mtoto akainuka kwenda kunywa maji, akitembea kwa kujishika ukutani. Shemeji akamfuata kwa macho.

"Mbona anachechemea vile?"

"Mguu umekuwa mfupi. Nimeomba mwingine."

"Sasa mbona hajapewa?"

"Wanasubiri kesi yako iishe, shemeji."

Alinitazama kama niliyemzaba kofi. Tulipoitwa ndani, hakimu kabla hajamaliza kusoma, shemeji akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kuondoa maombi yangu. Mtoto apewe mguu."

Ruhusa ilitoka siku ileile. Nje nilimwita nimshukuru. Hakugeuka. Alikwenda zake kituoni, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwangu, hata Idi.

Binti alipotimiza miaka kumi na minane nilimsindikiza benki. Alikuwa ameshaanza chuo cha kilimo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimwangalia kwa mbali akisaini. Miaka yote ile nilikuwa mlinzi, na sasa angeweza kuzimaliza zote kwa wiki moja na nisiwe na la kusema.

Nyingi aliziacha palepale. Zilizobaki alinunulia shamba, kule Kiwangwa, jirani na baba yake mkubwa.

"Lakini hilo ndilo nililokataa!" nilimwambia. "Tukafikishana mpaka mahakamani kwa ajili yake."

"Mama mkubwa, wakati ule aliyelitaka ni baba mkubwa. Sasa nalitaka mimi."

Nililia kidogo, sijui kwa nini. Kesho yake nikapanda gari kwenda kuliona. Shemeji alikuwa pale na jembe, anamwonyesha mpaka. Akasimama, akaja kunipa mkono. Tukaulizana hali za nyumbani, mvua, watoto. Ya mahakama hatukuyagusa, na mpaka leo hatujayagusa. Mananasi ya kwanza bado hayajakomaa.