Mfyulisi wa Papa

Harufu ya gunia lililolowa bado hunitia hofu. Liwe la makaa, la muhogo au la nanasi kutoka kisiwa cha Idjwi, likipita karibu nami huku likichuruzika maji, moyo wangu hushtuka kabla akili haijauliza limebeba nini. Gunia la namna hiyo ndilo Papa alilolishusha mgongoni asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi, uani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, akalifungua polepole, na ndani yake hamkuwa na kitu ila vijiti. Vilikuwa vijiti vinne visivyo na hata jani moja, na chini yake mizizi mitupu, myekundumyekundu, imejikunja kwa baridi ya maji. Mimi nilizoea miche inayokuja na udongo wake ndani ya mfuko mweusi. Hii ilikuwa uchi, na nilihisi haya kuitazama. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga za lengalenga. Aliinua macho, akamwangalia mwanawe kwa huruma, akamwuliza, akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba wake, "Papa Nabintu, ni kuni umetuletea?"

Hazikuwa kuni. Ilikuwa miti ya pesh, tunda ambalo kamusi hulitaja kwa jina la fyulisi. Papa alikuwa fundi wa mota, na mtu mmoja wa upande wa Lwiro, anayepandikiza miti ya matunda nyuma ya nyumba yake, alimpa miche hiyo baada ya kutengenezewa pampu. Papa alijaribu kutueleza kwamba miti haikuwa imekufa bali imelala, na kwamba ukiung'oa mti wa aina hii wakati umelala unaweza kuusafirisha mizizi mitupu bila udongo wowote. Koko alisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema, "Mugomba hailale." Hapo ndipo palikuwa na shida yetu yote. Kwetu hakuna mti unaolala. Mgomba umesimama na majani yake mwaka mzima, na mparachichi vilevile. Kisicho na majani kimekufa, na kilichokufa huwekwa chini ya sufuria. Koko aliongeza kwamba huko Bushi alikokulia, mtu hupandiwa mgomba wake, na mgomba huo ndio unaosema habari zake akiwa mbali. Kwa hiyo vijiti vinne viligawanywa hapohapo: kimoja cha Mama, kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu Murhula aliyekuwa bado ananyonya, na kimoja cha Papa mwenyewe. Koko alikataa chake. Alisema migomba yake inamtosha, na kwamba hataki habari zake zisemwe na kuni.

Nilikuwa na miaka kama tisa, na kazi yangu ilikuwa kushika. Papa aliilaza mizizi ndani ya ndoo huku akichimba, kwa sababu, alisema, jua likiiona kwa muda wa mtu kumaliza bugali yake, mti umekwisha. Katika kila shimo aliacha kichuguu kidogo cha udongo, mimi nikasimamisha kijiti juu yake, naye akaitandaza mizizi pande zote, mmoja mmoja, akiikata kwa kisu ile iliyovunjika. Kisha akanionyesha kovu nene lililokuwa juu kidogo ya mizizi. "Hapa chini ni muti ya pori," aliniambia. "Iko na nguvu, lakini matunda yake ni makali. Hapa juu njo pesh yenyewe, bameifunga hapa ikashika. Kovu isifunikwe na udongo. Na kitu ikitokea chini ya kovu, unakata." Mwisho akakwangua gome kwa ncha ya ukucha, na chini ya ule ukahawia wa kukatisha tamaa kukatokea kijani kibichi chenye maji. "Ukiona kijani, iko muzima." Nikamwuliza, na nikikosa kijani? Papa alicheka, akaniambia nishike vizuri, kijiti kinainama.

Mti wake aliupanda wa mwisho, ukingoni mwa uwanja, pale ambapo parsele yetu, kiwanja chetu, inakwisha na korongo linaanza. Kadutu nyumba zimebanana kwenye mteremko hivi kwamba bati la jirani wa chini liko sawa na miguu yetu, na kila kipande cha ardhi kinahesabiwa; ukingo ndio uliokuwa umebaki. Lakini lori la kwenda Luhwindja, alikokuwa ameitwa kutengeneza pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu, lilikuwa limeshafika barabarani likipiga honi. Papa alipanda ngazi za mawe kwenda kumtuliza dereva, na kijiti chake kikabaki chini, juani, nje ya ndoo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Aliporudi aliupanda harakaharaka, akaushindilia kwa kisigino, akachukua sanduku lake la vifaa. "Nabintu, utanichungia muti yangu," alisema. "Ikitoa majani, ujue niko njiani." Yalikuwa maneno ya utani, ya mtu ambaye mguu mmoja umeshatoka nje. Laiti angejua nilivyoyabeba.

Mvua zilianza kama zinavyoanza Bukavu, kwa ngurumo upande wa ziwa na matope mekundu kwenye kila ngazi. Mti wa Mama ulitangulia: vivimbe vidogo, kisha ncha za kijani, kisha majani membamba. Wangu ukafuata, halafu wa Murhula. Koko aliyatazama na nikaona ameshindwa hoja, na mimi sikuthubutu kumkumbusha habari ya kuni. Mti wa Papa haukutoa kitu. Hapo upendo wa mama kwa mwanawe ukaingia kazini. Koko alichukua mbolea ya mbuzi, majivu na matope mazito, akaukusanyia mti huo shinani kama anavyoikusanyia migomba yake, kilima kizima kilichofunika mizizi, na kovu, na sehemu ya kijiti juu yake. Nilimwambia Papa alisema kovu lisifunikwe. Akanijibu kwamba yeye amelisha watu kwa migomba kabla Papa hajajua kufunga kifungo. Mama alikuwa ndani anamwogesha Murhula. Nani mwingine wa kubishana naye? Kilima kikabaki.

Simu ya Papa iliita mara mbili tatu katika majuma ya mwanzo, sauti yake ikikatika kwa rezo, mtandao mbaya wa milimani, halafu ikanyamaza. Kisha siku moja jirani yetu Mama Nsimire alishuka ngazi bila kubisha hodi, kitambaa cha kichwa mkononi. "Banasema kilima imeanguka kule Luhwindja," alimwambia Mama. "Juu ya mashimo. Mvua njo imeiangusha. Bwana yako ameita?" Mama alikuwa akikoroga bugali. Aliendelea kukoroga, akakoroga hata ilipokuwa imeshaiva, hata ikaanza kuungua, na hakuna aliyemwambia aache. Harufu ile ya kuungua ndiyo iliyonifahamisha kwamba mambo yameharibika, kwani Mama hakuwahi kuunguza chakula. Aliambiwa barabara imekatika, magari hayapiti, watu wanachimbwa kutoka kwenye matope na majina hayajulikani. Tangu siku hiyo tuliishi kwa masikio. Kila mguu ulioshuka ngazi za mawe ulitunyamazisha sote, hadi ulipopita kwenda kwa mtu mwingine.

Na pale ukingoni kulikuwa na kile kijiti. Sijui ni nani aliyeanza, lakini ghafla hakuna aliyekitazama. Mama alianika nguo zake akiwa amekipa mgongo. Koko aliacha kwenda kwenye migomba yake kwa njia ya karibu, akazunguka nyumba. Mama Nsimire, ambaye mdomo wake haukujua mlango, ndiye aliyelisema: mti mkavu hauachwi uani kwa mtu aliye safarini, ung'olewe. Koko alisimama. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kwa miaka ya kubeba, lakini siku hiyo nilimwona mrefu. "Muti ya mutu haing'olewe mutu akiwa muzima," alisema. "Ukiing'oa, umeshamuzika. Mwanangu hajazikwa. Usiguse ule muti." Mama Nsimire akafunga kitambaa chake akapanda ngazi. Mimi nilibaki nimeshika mlango, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo wao hawakulijua: mimi nilikuwa na njia ya kujua. Ilikuwa kwenye ncha ya ukucha wangu.

Nilizunguka na ukucha ule kana kwamba nimebeba kaa la moto. Shuleni tulifundishwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na niliandika methali hiyo kwa mwandiko mzuri nikapewa alama zangu, lakini hakuna mwalimu aliyeniambia mtoto afanye nini iwapo maradhi ni baba yake. Nikikwangua nikaona kijani, ningekimbia ndani nikipiga kelele. Nikikosa, basi mimi, Nabintu, ningekuwa wa kwanza katika nyumba nzima kujua, na ningelazimika kuketi kwenye chakula nikijua. Mchana mmoja baada ya mvua, Koko akiwa amesinzia na Mama amekwenda misa ya kuombea waliofukiwa, nilienda. Nilianza juu kabisa, kwenye ncha. Kahawia. Nikateremka. Kahawia tena, kavu, ya kukwaruza. Nikateremka hadi ukucha ulipogusa kilima cha matope cha Koko, na kila nilipokwangua palikuwa pakavu. Chini zaidi, ndani ya tope, sikuingia. Nilihisi haja ndogo inanitoka, na ikanitoka kweli, mtoto wa miaka tisa. Nikapaka matope kwenye mikwaruzo yote ili Koko asiione, nikaenda kujiosha. Jioni hiyo nilikula kila kitu nilichowekewa, hadi sambaza zote, dagaa wetu wa ziwani, ili mtu yeyote asiniulize nina nini.

Baadaye, siku ambazo nilikuwa nimeshaacha kuhesabu miguu ya ngazini, Koko alipiga kigelegele. Alikuwa amesimama ukingoni, mikono hewani. Kutoka ndani ya kilima chake, bila shaka yoyote, lilikuwa limetokea chipukizi la kijani, nene, lenye nguvu kuliko miti yote mitatu. Mama alitoka mbio na Murhula mgongoni, akaona, akaketi palepale kwenye matope na nguo yake ya kanisani akalia kwa sauti. "Nyamuzinda," Koko alirudia, akimtaja Mungu kwa Kishi, "Nyamuzinda, mwanangu iko njiani." Mimi nilifurahi, nikamkumbatia Koko kiunoni. Lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na kichembe cha baridi. Nilikuwa nimekwangua kijiti kizima. Nilijua kilivyokuwa kikavu.

Papa alirudi kabla ya Noeli, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, amekonda, kucha zake zimevunjika zote. Hakufukiwa. Alikuwa miongoni mwa waliochimba, na ndani ya matope hayo alipoteza simu yake na watu aliokuwa akila nao asubuhi. Tulimrukia, Koko akampapasa uso mzima kama kipofu, Mama hakuachia mkono wake. Ndipo Koko akamvuta hadi ukingoni kumwonyesha mti uliomleta nyumbani. Papa aliinama. Kwa zile kucha zilizovunjika akasukuma tope kidogo pembeni, akafika kwenye kovu, na mimi niliyekuwa begani pake nikaona alichokiona: chipukizi lilikuwa limetoka chini ya kovu. Pesh yenyewe ilikuwa imekufa. Kilichoishi ni mti wa pori. Kisu chake kilikuwa mfukoni, na mkono wake ulienda mfukoni, nami nikakumbuka, kitu ikitokea chini ya kovu, unakata. Aliinua macho akamtazama mama yake, kisha mke wake. Akautoa mkono mtupu. Akarudisha tope mahali pake, akalishindilia taratibu. "Iko muzima," alisema.

Matunda ya mti ule ni madogo, yenye manyoya mengi, na makali ya kukunja uso. Papa aliyala kila msimu mbele ya Koko bila kukunja, nami nikala pamoja naye, na siri hiyo ilikuwa yetu wawili. Hakuwahi tena kulala mlango ukiwa umefungwa mvua ikinyesha. Koko alitutoka akiamini. Papa naye amelala, Mungu amrehemu, na siku tuliyomzika mti wake ulikuwa umejaa maua tele, haukujua lolote. Kwa hiyo mimi ninajua. Ninajua mti hausemi habari za mtu. Ninajua mfyulisi hulala na kuamka kwa saa zake, na kwamba tope lisikusanywe shinani. Siku zile tulisubiri miguu kwenye ngazi za mawe. Leo tuna simu kila mfukoni, na ujumbe niliomtumia Murhula, mdogo wangu, tangu aondoke mjini hapa kwenda mbali na vita, bado haujamfikia. Mvua zimeanza. Mti wa Mama una majani, na wangu pia. Wa Murhula bado ni kijiti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na asubuhi ya leo nilisimama mbele ya mti huo kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote ya uani inavyohitaji. Mama, ambaye sasa miguu haimbebi hadi uani, aliniita kutoka ndani.

"Nabintu, umeuangalia?"

"Iko muzima, Mama," nilimjibu, na ukucha wangu ulikuwa bado mfukoni.