Sura Iliyo Kwenye Leseni

Juzi, kwenye maabara moja ya Kamenge, bwana mwenye koti jeupe alimfunga mama muuza vitenge mpira mkononi, tayari kumtoa damu. Mama akaitazama leseni iliyotundikwa ukutani, kisha akamtazama bwana.

"Mutu wa ku foto si we."

"Mama, mi ni shemeji ya patron, mwenye hii maabara."

"Apana. Foto ni ya huyu dada anaandika majina. Aje yeye."

Sisi tuliokuwa tukisubiri zamu kwenye benchi tukashusha mikono ya mashati yetu, wote. Dada akaweka kalamu, akanawa, akaupata mshipa mara moja. Tukapiga makofi.

Shemeji akaenda kuandika majina. Langu alilikosea, nikamshukuru Mungu kwamba alikuwa ameshika kalamu tu.