Jivu Kuzunguka Sahani

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu kule Kampala, nilimkuta mama akipika wali kila siku. Kwetu, karibu na Ushirombo, wali ulikuwa chakula cha sikukuu. Nilipochungulia ghalani nikaelewa: alikuwa akitwanga mpunga wa mbegu, na majirani walikwisha kuanza kusia mbegu bondeni.

Alikuwa akimpikia kaka yangu. Kaka alikwenda kuchimba dhahabu Geita, na mwisho wa masika shimo likaporomoka. Wenzake walileta blanketi lake. Mmoja alisema kaka alikuwa ndani. Mwingine aliapa alimwona akitoka. Maiti haikupatikana, na mama alikataa kuweka matanga.

"Anajificha," aliniambia. "Kodi ya kichwa hajalipa. Sisi tukienda shamba, anakuja kula."

Alipika kama kaka alivyopenda. Maharage aliyachemsha mpaka yakalainika, akakaanga kitunguu kwa samli, akayamimina yote na mchuzi wake kwenye mchele. Maji yalipokauka alibonyeza vishimo kwa mgongo wa upawa, akapasulia mayai humo, akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Sahani iliyojaa akaiweka uani, tukaenda kulima.

Tuliporudi, sahani ilikuwa tupu, imefunikwa kifudifudi. Kaka alikuwa na mazoea hayo tangu utoto.

"Mayu, ni mbwa tu," nikamwambia mama.

"Huko chuoni mmeona mbwa anayefunika sahani?"

"Basi ni jirani mwenye njaa."

"Jirani gani? Mtaje, nikamsalimie."

Nilimwuliza tutapanda nini mpunga ukiisha. Akasema mwana akiwa hai, mbegu itapatikana.

Kesho yake, mama alipotangulia shamba, nilizoa jivu lote la jikoni na kulitandaza uani kuzunguka sahani ya wali aliyoiacha, pana kuliko hatua ya mtu mrefu. Nikalisawazisha kwa ufagio nikirudi kinyumenyume. Mwizi, nilijiambia, atakuwa na nyayo, na nyayo zitakuwa na mwenyewe.

Siku hiyo hapakuwa na upepo wala mvua. Adhuhuri jua lilikuwa utosini, na hapakusikika ila majembe yetu mawili.

Tulirudi pamoja. Jivu lilikuwa kama nilivyoliacha, na alama za ufagio juu yake. Katikati, sahani ilikuwa imefunikwa kifudifudi. Nilipiga magoti nikatafuta hata alama ya ukucha wa ndege. Nikaingia jivuni kwa uangalifu, nikaiinua sahani. Ilikuwa safi, na bado ina uvuguvugu. Nyayo zilizokuwapo sasa zilikuwa zangu.

Nilitaka kucheka, sikuweza. Mama alisimama pembeni, jembe begani, akatazama jivu.

"Mtu hai ana miguu," alisema.

"Mama, jivu si ushahidi. Huenda kuna maelezo mengine."

"Yatoe."

Aliingia ndani, akatoka na wembe na maji kwenye kibuyu. Akakaa juu ya kigoda, akafungua kilemba chake. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani.

"Ninyoe," alisema, kama wafiwa wanavyonyolewa kwetu. "Kisha ukawaite ndugu za baba yako. Mpunga uliobaki tutausia kesho kutwa, matanga yakitupa nafasi."

Nikamlowesha kichwa. Nikashika wembe, akauongoza mkono wangu hadi panapoanzia nywele.