Niliandika Kwamba Naweza Kupima Kifundo cha Mguu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Wapo walioshajaribu, na kila wanaponipa kimoja hasira yangu inapanda. Msichana mmoja wa Kakuma amepoteza nafasi ya shule kwa sababu mimi niliandika kwamba najua kitu ambacho sikukijua.

Niko mwaka wa kwanza, nasomea sayansi ya michezo hapa Lodwar. Ni Mturkana wa Lowarengak, kando ya ziwa, lakini sekondari nilisomea Kakuma nikiishi kwa shangazi. Chuo sitakitaja, na majina yote humu nimeyabadilisha.

Muhula ulipoanza, mwalimu wetu alimwagiza kila mmoja aandike malengo yake ya kujifunza. Alituonya tusiandike mambo ya hewani.

"Usiniambie unataka kuwa mtaalamu wa majeraha," alisema. "Niambie kitu ambacho mwenzako anaweza kusimama hapo, akuone ukikifanya."

Kisha akatupanga wawili wawili. Mwenzako ndiye shahidi wako. Akishakuona ukifanya ulichoandika, anatia sahihi kwamba lengo limefikiwa. Mwalimu hakutaka kutufuata nyuma kama askari. Alituamini. Nikilikumbuka hilo, naona aibu kwanza, kisha hasira.

Malengo yangu mengine yalikuwa ya kawaida, kama kusoma anatomia kila wiki bila kusubiri mtihani. Hayo niliyatimiza. Lakini moja niliandika ili nionekane. Niliandika kwamba kufikia katikati ya muhula nitaweza kupima kifundo cha mguu kilichoumia, na kuamua kama mchezaji aendelee au atoke. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa kama mfano wa lengo zuri. Kichwa kikavimba.

Namna ya kupima tulionyeshwa darasani mara moja tu. Unabonyeza mfupa wa kifundo, upande wa nyuma na kwenye ncha yake, ndani na nje. Kisha unamwambia mchezaji asimame, apige hatua chache akiuegemea mguu ule. Mfupa ukiuma unapobonyezwa, au akishindwa kutembea, anatoka na kupelekwa hospitali. Haijalishi mechi ni ya nani. Kuielewa ni rahisi. Kuifanya kunahitaji mikono iliyozoea, na yangu haikuwahi kugusa mguu wa mtu.

Shahidi wangu alikuwa Barasa, kijana wa Kitale ambaye baba yake ana duka hapa mjini. Siku ya kukamilisha sahihi tulikuwa nje ya kantini tunakula chapati, jua likiwa limetufukuza uwanjani. Barasa alivua kiatu akanyoosha mguu.

"Haya sista, mgonjwa amefika. Bonyeza."

"Rudisha hicho kiatu. Watu wanakula."

"Huu mguu umeoshwa jana."

"Na maji gani? Ya mto Turkwel, kiangazi hiki ukiwa mkavu?"

Tulicheka mpaka mama wa kantini akauliza kuna nini. Barasa akavaa kiatu chake. "Manze, wewe hii kitu unaijua. Leta nitie sahihi twende." Akatia. Na mimi nikamtilia yake. Lengo lake lilikuwa kumhudumia mchezaji aliyezidiwa na joto. Sikumwona akimwaga hata kikombe cha maji.

Wiki chache baadaye nilikwenda Kakuma kwa shangazi. Huko kuna timu ya soka ya wasichana, baadhi wa mjini na wengine wa kambi ya wakimbizi, inayofundishwa na Bahati, mkimbizi kutoka Kongo. Niliwahi kuichezea. Bahati aliponiona na tracksuit ya chuo alifurahi mno, akaniita dokta mbele ya timu nzima. Sikumsahihisha.

Jioni hiyo kulikuwa na wageni, walimu wawili wa shule ya bweni ya wasichana iliyo mbali na Turkana. Shule hiyo huchukua wachezaji wazuri na kuwasomesha bila karo. Kila mtu alijua wamemjia Akiru, mshambuliaji wetu, aliyekuwa anakaribia kumaliza darasa lake la mwisho pale Kakuma. Asipopata nafasi hiyo, angerudi kwao Namoruputh kwenye mbuzi wa baba yake. Mama yake alikuwa amesimama kando ya uwanja, shanga zote shingoni kama siku ya sherehe.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu Akiru alipokanyaga shimo la mchanga, mguu ukapinda. Alianguka, akainuka, akaanguka tena.

"Dokta, kuya hapa!" Bahati aliita.

Nilikimbia. Watu walikuwa wameshaingia mpaka ndani ya mstari. Kijana mmoja akasema, "Daktari gani huyu, hata begi hana?" Wenzake wakacheka. Nilijua wale walimu wageni wananitazama, na nikajua kwamba nikianza kubonyeza bonyeza nikibahatisha, wote wataona kwamba sijui. Kwa hiyo sikubonyeza. Hata soksi sikuivua. Nilichuchumaa, nikauliza kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake:

"Akiru, unaumwa?"

Aliwatazama walimu. Akamtazama mama yake.

"Siumwi, dada."

"Unaweza kuendelea?"

"Naweza. Nipishe nisimame."

Bahati hakuridhika. "Mimi naona anachechemea," aliniambia chini chini. "Lakini weye njo mwenye kusoma hii kazi. Tumutoe ao abaki?"

"Abaki," nilisema.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Mimi ni Mturkana. Nimelelewa kama Akiru alivyolelewa. Nikiwa mdogo nilichomwa na mwiba wa mgunga mpaka ukabaki ndani ya unyayo, na bibi yangu akautoa kwa sindano mbele ya wageni. Nilijua nikitoa hata mlio mmoja nitachekwa mwaka mzima, basi sikutoa. Huko kwetu hakuna msichana atakayesema anaumwa mbele ya umati, tena mama yake yupo. Mgeni kutoka Nairobi angeuliza swali lile ningemwelewa. Mimi nililiuliza nikilijua jibu lake, kwa sababu jibu hilo lilinifaa.

Akiru alicheza. Alikimbia kwa mguu mmoja na nusu, na watu wakampigia makofi. Kisha ikaja kona, akaruka, akatua. Aliyekuwa karibu naye anasema alisikia mlio. Mimi nilichosikia ni Akiru, yule asiyeumwa, akilia kwa nguvu, na mama yake akikimbia kuingia uwanjani.

Hospitalini mhudumu wa zamu alitazama picha ya mfupa, akauliza, "Nani alimpima pale uwanjani?"

"Mimi."

"Ulibonyeza wapi?"

Mama yake Akiru alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, akinitazama mdomo.

"Sikubonyeza," nikasema.

Yule mhudumu hakunifokea. Alieleza kwamba huenda mara ya kwanza mfupa ulipata ufa tu, ambao ungefungwa na kupona, lakini sasa umeachana na itabidi apasuliwe Lodwar. Hakuwa na hakika, alisema, ila mchezaji wa namna ile hakupaswa kurudishwa. Walimu wageni waliondoka kesho yake na msichana mwingine. Siwalaumu. Walikuwa na nafasi moja.

Nilikwenda kumwona Akiru wodini, nimebeba maneno ya pole. Hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Yule kocha ni wa Kongo, hajui," alisema. "Wewe ni mtu wa hapa. Ulijua nitasema nini."

Akageukia ukutani. Mama yake akaniambia kwa Kiturkana nitoke, mtoto apumzike.

Nilirudi chuoni nikamweleza mwalimu kila kitu, pamoja na sahihi niliyompa Barasa. Alizifuta zote mbili. Barasa alinisubiri nje ya darasa.

"Umenichoma, sista. Kwani ni sisi peke yetu? Darasa zima limefanya hivyo."

"Basi darasa zima ni hatari."

"Ah, wacha kujifanya mtakatifu. Aliyesema yule msichana abaki ni nani, wewe au mimi?"

Hatujazungumza tangu siku hiyo. Na kinachonikera zaidi ni kwamba alisema kweli kuhusu darasa. Nimeketi na watu walioandika kwamba wanaweza kumwokoa mtu aliyezimia kwa joto, katika Lodwar hii, na hawajui wamlaze wapi. Wataitwa uwanjani kama nilivyoitwa mimi. Watavaa tracksuit. Wataitwa dokta na watanyamaza.

Wewe unayeanza mwaka wa kwanza, nakuambia kwa ukali kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Andika lengo dogo linalokuaibisha kwa udogo wake, lakini ulifanye kwa mikono yako mpaka uchoke. Usipoliweza, andika kwamba hujaliweza. Hakuna atakayevunjika kwa neno hilo.

Na siku ukiitwa uwanjani, usimuulize mchezaji kama anaumwa. Atakudanganya, na ana haki ya kukudanganya, kwa sababu anataka kucheza. Wewe ndiye huna haki ya kumwamini.