Kompyuta Niliyomnunulia Dada

Jumatatu moja dada yangu mkubwa alinitumia shilingi elfu ishirini na nne kwa simu. Baada ya dakika chache akapiga.

"Ninunulie laptopu ndogo," akasema. "Angalia betri kwanza. Rangi, umbo, hata ikiwa na mikwaruzo, hayo mengine sijali. Betri kwanza, umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Dada alikuwa sekretari katika ofisi ya mawakili mjini Machakos hadi siku lori lilipogonga boda boda aliyokuwa amepanda. Miguu haikupona. Akarudi nyumbani Ndithini kwa mama, na kwa miaka mitatu akawa anakaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, akichambua ndengu na kuangalia barabara. Vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Kule ofisini alikuwa anachapa huku akizungumza na wateja, bila kuangalia mashine. Ndiyo maana aliposikia kuna kampuni ya ng'ambo inayolipa watu kusikiliza rekodi na kuziandika, aliomba, na wakamkubali afanye mtihani. Mtihani ulikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo, masaa matatu mfululizo. Ukishaanza huwezi kusimamisha.

Nyumbani kwetu hakuna stima. Nguzo zinaishia sokoni, kwenye kinu cha kusaga unga. Sola ya mama inachaji simu na kuwasha taa mbili, basi. Na kutoka nyumbani hadi sokoni lazima uvuke mto mkavu uliojaa mchanga, mahali ambapo kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hivyo dada alihitaji mashine ambayo ingekaa na chaji masaa matatu na zaidi. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu.

Ijumaa niliomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Mimi husafisha ofisi hapo mjini. Nikaingia duka moja la kompyuta, ghorofa ya kwanza, na mwenye duka akaniwekea mbili kwenye kaunta. Zote zilikuwa ndogo, za kubeba kwa mkono mmoja.

"Hii ni mpya," akasema. "Haina nguvu nyingi, lakini ni ya kuchapa tu, si ndiyo? Betri inakupeleka asubuhi mpaka jioni. Ishirini na tatu na nusu. Hii ingine ni eksi-yuu-kei, imetumika shule huko nje. Kibodi yake ni ngumu, hata ikianguka haivunjiki. Hiyo nakupea kumi na tatu."

"Na betri ya hii ya pili?"

Akaiwasha, akasogeza mshale hadi kona ya chini. Kioo kikaonyesha masaa matano na dakika arobaini. "Si unajionea mwenyewe?"

Nikazishika moja moja. Ile mpya ilikuwa nyepesi mpaka nikaidharau, kama sahani ya plastiki. Ile ya zamani ilikuwa nzito, na uzito wake ukanipa imani. Matano na arobaini, nikajiambia, na yeye anataka matatu tu.

Lakini sitasema uongo hapa. Si masaa yale yaliyonifanya nichague. Wiki mbili kabla, nilipokuwa nyumbani nikimsaidia mama kumwogesha dada, niliona kidonda kimeanza chini ya mgongo, pale anapokalia. Ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na inatoa damu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema anahitaji mto maalumu wa hewa wa kuwekea kwenye kiti, la sivyo kidonda kitaingia ndani. Duka la vifaa vya hospitali pale mjini lilikuwa na mto huo kwa elfu tisa. Nilikuwa nimeuangalia mara tatu nikapita. Sasa nilikuwa nimesimama kati ya laptopu mbili, na tofauti ya bei ilikuwa inatosha mto, na chenji ikabaki.

Sikumpigia dada kumuuliza. Nilijua angekataa.

Nilifika nyumbani jioni. Dada aliishika laptopu, akaigeuza, akagusa vitufe. Kisha akauona mto.

"Huu umetoa wapi?"

"Mashine mpya zilikuwa zimeisha," nikasema. "Hii ilikuwa bei ya chini, na betri iko sawa. Pesa iliyobaki nikaona ikusaidie."

Akaigeukia tena laptopu. "Ulijaribu betri?"

"Niliiona. Masaa matano na zaidi."

Mama akaingilia kati kwa furaha, akisifu mto, akiubonyeza kwa kiganja. Tukamwinua dada, tukauweka, akakaa. Akasema ni mzuri. Nakumbuka nililala vizuri siku hiyo.

Jumamosi saa nne asubuhi alianza. Nilikuwa nimeichaji laptopu mjini mpaka ikajaa, na intaneti tukaitoa kwenye simu yangu. Mama alifukuza kuku na kuwafungia ng'ambo ya boma ili wasipige kelele. Dada akavaa spika za masikioni. Kisha vidole vikaanza, na mimi nikasikia tena ile sauti niliyokuwa nimeisahau, kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Nilikaa nyuma yake kwenye kigoda nikiangalia mgongo wake ulivyonyooka.

Baada ya nusu saa ilikuwa asilimia themanini na mbili. Baada ya saa moja, sitini. Nilipiga hesabu kichwani na nikaona haitafika masaa matatu. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikifikia juu ya bega lake, na yeye hakusimama. Hamsini na moja. Arobaini na nne. Halafu, bila onyo lolote, ikiwa bado arobaini na moja, kioo kikawa cheusi.

Vidole vyake viliendelea maneno mawili matatu kabla ya kusimama.

"Imezima," akasema.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa nyekundu ikapepesa mara moja ikafa. Nikaichomoa mikononi mwake, nikabeba waya wa kuchajia na simu yangu, nikakimbia. Nilivuka mchanga ule nikizama mpaka kwenye kifundo cha mguu, laptopu nimeikumbatia kifuani. Pale kinuni niliomba soketi, mwenye kinu akachomoa redio yake. Ilipowaka, nikafungua ukurasa ule. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kifupi kwamba mtihani umefungwa na kwamba mwombaji haruhusiwi kurudia.

Nilirudi kwa mguu, polepole. Dada alikuwa palepale, spika bado masikioni, waya wake ukining'inia.

"Wamefunga," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nilimwambia chakula kimeiva. Hapo nikashindwa, nikamwambia yote: kwamba mpya ilikuwepo, kwamba niliishika kwa mikono yangu, kwamba nilichagua mto.

"Nilikwambia betri," akasema. "Sikukwambia mgongo."

"Kidonda kingekuua."

"Ĩĩ, kweli. Kingeniua nikiwa na kazi."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alikiweka chini akatoka nje.

Jumatatu niliirudisha laptopu dukani. Mwenye duka hakunigombeza wala hakuniomba radhi. "Betri za hizi zimechoka, madam. Ile namba kwenye kioo inabahatisha tu. Ungeniuliza ningekwambia ukae nayo hapa saa nzima uone." Kweli, sikuwa nimeuliza. Akaniwekea betri nyingine, nikailipia kwa mshahara wangu mwenyewe, na hiyo inakaa masaa manne bila shida. Dada aliwaandikia watu wa ng'ambo barua tatu akieleza. Jibu lilikuwa moja kwa zote tatu, neno kwa neno.

Kidonda kimepona. Muuguzi alishangaa, akampongeza mama. Nilitarajia habari hiyo initulize, lakini haikunituliza.

Nimemtafutia kampuni nyingine, nimemtumia anwani zake. Husema ataangalia, kisha anasema mtandao ulikuwa mbaya. Mama anasema siku hizi dada haombi kutolewa nje asubuhi. Analala akiangalia ukuta mpaka jua linapita juu ya nyumba. Jumapili iliyopita nilimpigia, tukazungumza kuhusu mvua ambayo haijaja na ndengu ambazo hazitatoka. Nikamuuliza kama amejaribu kuchapa kidogo, ili mkono usisahau.

"Nitachapa nini?" akauliza, na hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.